Mbaruk alivuka, Waingereza wakasimama

Mei 2025, yule mwanaharakati Boniface Mwangi alipopatikana Ukunda baada ya kushikwa Dar es Salaam na kukaa siku kadhaa bila mtu wa kwao kujua aliko, maskani zote kuanzia Likoni mpaka Msambweni zilikuwa na swali moja. Askari wa Tanzania ana mamlaka gani juu ya Mkenya? Na huyo aliyemshusha huku upande wetu, alivuka na ruhusa ya nani? Wengine wakasema East Africa ni moja, polisi ni wale wale. Wengine wakasema mpaka ni mpaka, hata kuku hawezi kuvuka bila karatasi pale Lunga Lunga. Nilisoma komenti mpaka macho yakauma, na kitu kimoja kilinishangaza: karibu kila mtu aliandika kana kwamba jambo hili limeanza jana.

Halijaanza jana. Na sehemu kubwa ya historia yake imepita hapa hapa kwetu Kwale, kilomita chache kutoka unapokaa ukila viazi karai.

Tuanze na kanuni yenyewe, manake wengi wetu twaijua bila kujua kwamba twaijua. Muulize kijana wa boda anayebeba abiria Likoni. Kanjo wa Mombasa akimkimbiza, yeye hukata gia kuelekea Ng'ombeni, manake ule upande ni Kwale na yule kanjo hana lake huko. Sheria anayoitumia ni sheria ya kaunti ya Mombasa, na sheria ya kaunti ya Mombasa inaisha pale kaunti inapoisha. Kanjo akivuka hapo, ni mtu tu aliyevaa yunifomu. Polisi wa serikali ni tofauti, yeye ana nguvu Kenya nzima, awe ameandikwa Turkana au Shimoni. Lakini naye ana Ng'ombeni yake. Inaitwa Lunga Lunga. Akivuka pale na pingu zake, mbele ya sheria ya Tanzania yeye ni mgeni kama mimi na wewe. Akimshika mtu kule, hajamkamata, amemteka.

Hiyo ndiyo kanuni. Sasa njooni niwaambie jinsi ilivyofanya kazi siku moja hapa kwetu, mwaka 1896.

Mkipita Gazi, watalii wa Diani hupelekwa kutembezwa juu ya mikoko na kina mama, halafu wakaonyeshwa jumba la kale la Sheikh Mbaruk. Wengi hupiga picha wakaondoka. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui hakuwa mtu wa kupigiwa picha na kuachwa. Wamazrui ndio waliokuwa wakitawala Mombasa mpaka Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alipowang'oa mwaka 1837 na kuwakamata wakubwa wao, kati yao babake Mbaruk, wakapelekwa ng'ambo na hawakurudi. Waliobaki wakagawanyika: tawi moja likakaa Takaungu, jingine likaja Gazi. Mbaruk akakua na deni hilo moyoni. Kwa miaka mingi aliasi dhidi ya Masultani wa Zanzibar, akashindwa, akasamehewa, akaasi tena. Akizidiwa pwani alikuwa anapanda bara, Mwele, nyuma ya milima ya Shimba, kwenye ngome ndani ya msitu. Mapema miaka ya 1880 jeshi la Sultani likiongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews, likaipiga Mwele. Bado Mbaruk hakuisha.

Hapa nataka mkae na jambo moja. Wakati ule, Mbaruk akikorofishana na Sultani, angekimbilia wapi? Tanga? Tanga ilikuwa na liwali wa Sultani. Pangani? Liwali wa Sultani. Ukanda wote wa pwani, kaskazini na kusini, ulikuwa chini ya bendera nyekundu moja. Kwa hiyo aliyekimbia alipanda milimani, hakukimbia kando ya bahari. Hakukuwa na mpaka wa kuvuka.

Mpaka wakauchora watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Vanga. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakakubaliana: waanzie pwani karibu na mdomo wa Umba, wapande juu mpaka ziwa Jipe, wazunguke Kilimanjaro, wafike ziwa Nyanza. Sultani akaachiwa ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Halafu mwaka 1890 Wajerumani wakainunua pwani ya upande wao kutoka kwa Sultani kwa maki milioni 4. Hapo ndipo mambo yakabadilika kabisa. Kuanzia siku hiyo, mtu akitoka Vanga akavuka kwenda Jasini, safari ya mguu tu, ametoka dola moja ameingia nyingine. Mdigo ni yule yule, lugha ile ile, shemeji zake wako pande zote mbili. Lakini askari anayemfukuza, mamlaka yake yameisha.

Februari 1895 mkubwa wa Takaungu akafa. Kwa desturi ya Wamazrui kiti kilikuwa cha mmoja, Waingereza wa Kampuni wakamtaka mwingine aliyekuwa rafiki yao. Aliyenyimwa akaasi, akaja Gazi kwa jamaa yake Mbaruk. Kampuni ikataka Mbaruk amtoe. Mzee yule, baada ya yote aliyoyapitia, eti amtoe mgeni wa ukoo wake nyumbani kwake. Hakumtoa. Vita vikawaka pwani nzima, kutoka huku kwetu mpaka karibu na Malindi. Katikati ya vita hivyo, Julai 1895, Kampuni ikaondoka na serikali ya Uingereza yenyewe ikachukua nchi. Agosti, Admirali Harry Rawson akashusha wanamaji, wakapanda mpaka Mwele, wakaivunja. Mbaruk akatoka akiwa mzima na kuendelea kupigana porini. Mwaka uliofuata ikabidi waletwe askari kutoka India.

Aprili 1896 wakamsukuma mpaka kusini kabisa. Akavuka na watu wake, akaingia upande wa Wajerumani.

Na Waingereza wakasimama.

Hebu fikirieni. Ni dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Wana manowari, wana Wahindi, wana Wasudani, wana bunduki za Maxim. Mtu waliyemwinda kwa karibu mwaka mzima yuko ng'ambo ya mstari ambao hauna ukuta wala waya, ni miti na mikoko tu. Kilichowazuia ni kwamba ng'ambo ile kulikuwa na serikali nyingine, na serikali ile ilikuwa na manowari pia. Gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, ndiye aliyempokea Mbaruk, akamnyang'anya silaha, akamweka Dar es Salaam. Akafia huko huko, hakuiona Gazi tena.

Msiniambie Wissmann alikuwa mtu wa huruma. Huyu ndiye aliyekuja Afrika Mashariki kuizima vita ya Abushiri, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hakumpokea Mbaruk kwa kuwa anampenda Mmazrui. Alimpokea kwa sababu ardhi ni yake na hakuna Mwingereza atakayekuja kumkamata mtu ndani yake. Heshima ile ilikuwa ya Mjerumani, sio ya Mbaruk. Mbaruk aliipata kama mtu anavyopata kivuli cha mwembe wa jirani.

Miezi 4 baadaye, kisa hicho hicho kikatokea Zanzibar, na hiki ndicho nakipenda zaidi kwa sababu kina ujinga na akili kwa pamoja. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini akafa ghafla. Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila kuwauliza Waingereza. Agosti 27 wakaipiga ikulu kwa mizinga, ile vita mnayoisikia kwenye video za maajabu ya dunia kwamba ilikuwa fupi kuliko zote, dakika 40 hivi. Aliyeongoza manowari? Rawson yule yule wa Mwele. Mengine kwenye zile video ni vichekesho tu. Hawasemi kwamba mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa ndani ya hizo dakika, wala hawasemi kilichofuata.

Kilichofuata ni hiki. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani pale Zanzibar. Waingereza wakaweka askari nje ya mlango, usiku na mchana. Akitoa mguu mmoja barabarani, wamshike. Wajerumani wakakataa kumtoa. Wiki zikapita. Tatizo la Wajerumani likawa dogo na gumu: kutoka ubalozini mpaka melini kuna kipande cha ardhi ambacho sio chao. Wakangoja bamvua. Oktoba 2, bahari ilipojaa mpaka ikagonga ubalozi wenyewe, boti ya manowari yao Seeadler ikasogea pale pale. Khalid akatoka kwenye ardhi ya ubalozi akaingia kwenye boti ya Ujerumani bila unyayo wake kugusa Zanzibar. Askari wa Kiingereza wanaona kwa macho yao. Akapelekwa Dar es Salaam.

Maji kupwa na maji kujaa, ndugu zangu. Sisi twayatumia kujua lini twende kuvua pweza. Wenzetu waliyatumia kuhesabu mamlaka ya polisi yanaishia wapi.

Lakini mwisho wake msiusahau. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, ule mstari wa Vanga ukawa hauna maana tena. Januari 1915 Waingereza na Wajerumani wakauana pale Jasini. Katikati ya vita hivyo Waingereza wakamkamata Khalid, miaka 20 hivi baada ya ile boti, wakampeleka Seychelles na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi. Akafia Mombasa mwaka 1927. Kwa hiyo mpaka ulimlinda kwa muda ule tu ambao wakubwa wawili walikuwa wanaogopana bila kupigana. Hilo ndilo nalitaka mulishike, kwa sababu ndilo linaloeleza mambo ya leo kuliko sheria zote.

Kuna kitu kingine watu wa hapa husahau. Hata ndani ya Kenya yenyewe, Waa haikuwa nchi moja na Nairobi. Desemba 1895 Sultani akawapa Waingereza kazi ya kuuendesha ukanda wa maili 10 kwa kodi ya kila mwaka, lakini ukabaki wake. Bendera yake ikaendelea kupepea Fort Jesus. Wakaachwa maliwali, mamudiri na makadhi. Mwaka 1920 bara ikaitwa Koloni, sisi tukaitwa Himaya. Askari aliyetumwa kumkamata babu wa babu yako pale Waa, kwenye karatasi alikuwa anafanya kazi kwenye nchi ya Sultani wa Zanzibar kwa ruhusa ya Sultani wa Zanzibar. Babu hakuiona tofauti hiyo. Kofi ni kofi. Lakini kwenye karatasi ilikuwepo, na ilikuwepo mpaka Oktoba 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte walipoandikiana kwamba ukanda unaingia Kenya.

Miezi 3 baadaye, Januari 1964, Mapinduzi. Sultani Jamshid akakimbia kwa meli. Meli ikaja Mombasa, mji ambao bendera ya ukoo wake ilikuwa juu ya ngome mwezi uliopita tu. Serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka. Ikabidi aende Dar es Salaam, kisha Uingereza. Na moja ya sababu zinazotajwa za Mapinduzi yenyewe kufaulu ni polisi: serikali mpya ya Zanzibar ilikuwa imeanza kuwaachisha kazi askari wenye asili ya bara. Wameondolewa bila kazi, wanaijua kila kona ya kambi na ghala la silaha. Usiku ule kambi za polisi ndizo zilizoanguka kwanza. Swali la "huyu askari ni wa wapi" likaiangusha serikali ya mwezi mmoja.

Kenya nayo ilikuwa na jaribio lake. Katiba ya majimbo ya 1963 ilitoa kwa kila jimbo kikosi chake cha polisi ndani ya Polisi wa Kenya, na Pwani ya Ronald Ngala ilikuwa nacho. Halikudumu. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, Desemba ikaja jamhuri, na majimbo yakazikwa. Kila nikisikia mwanasiasa wa Pwani akisema polisi wapelekwe kaunti, najua hajui kwamba tulishakuwa na kitu kama hicho na kilikufa kabla hakijatambaa.

Sasa sheria ya leo. Mie nilisoma sheria mihula miwili, nikaacha, karo ilinishinda, sio siri. Lakini mihula ile miwili ilitosha kwa hili. Kenya ina Sheria ya kurudishana watuhumiwa na nchi jirani, Sura ya 76. Kwa majirani kama Tanzania na Uganda njia yake ni nyepesi. Hati ya kukamata imetolewa Tanga, mtu yuko Msambweni. Polisi wa Tanga haji mwenyewe. Hati inaletwa kwa hakimu wa Kenya. Hakimu akiridhika anaipigia mhuri wake, na hapo sasa polisi wa Kenya ndiye anayeenda kugonga mlango. Aliyeshikwa anapelekwa mbele ya hakimu, anasikizwa, anaweza kuwa na wakili, ndipo aamuliwe kurudishwa au la. Polisi wa nchi mbili wanaweza kupeana habari watakavyo, wana na jumuiya yao ya wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki tangu 1998. Kupeana habari ni sawa. Kupeana watu bila hakimu ndio siyo.

Mwaona jinsi ilivyo rahisi? Sio mlima. Ni hakimu mmoja na siku chache. Ndiyo maana wakiiruka huwa nauliza: kwa nini? Mtu mwenye hati safi anaogopa nini kuionyesha?

Na wameiruka mara nyingi. Februari 15, 1999, kiongozi wa Wakurdi Abdullah Öcalan, aliyekuwa amefichwa kwenye nyumba ya balozi wa Ugiriki hapo Nairobi, alitolewa kwenda uwanja wa ndege na akaishia mikononi mwa Waturuki. Ulinganishe na Khalid. Wote walikuwa ndani ya nyumba ya ubalozi. Mmoja alingojewa mpaka bahari ijae, mwingine hakufika mbali. Wagiriki hawakuwa na manowari bandarini, na hawakutaka ugomvi.

Mwaka 2007, vita vya Somalia vilipopamba moto, makumi ya watu walioshikwa Kenya walipakiwa ndege usiku wakapelekwa Somalia, wengine wakaishia Ethiopia. Walikuwemo wanawake na watoto. Halafu 2010. Julai 11, mabomu Kampala, watu waliokuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia, zaidi ya 70 wakafa. Ni unyama, na mie simtetei aliyeufanya. Lakini wiki zilizofuata Wakenya kadhaa wakashikwa hapa, wakavushwa mpaka wa Uganda bila kupelekwa kwa hakimu yeyote. Familia zikakimbilia Mahakama Kuu na mahakama ikasema wazi kwamba ilikuwa kinyume cha sheria. Walikuwa wameshavuka. Kesi Kampala ikaisha 2016. Baadhi wakapatikana na hatia, wengine hawakupatikana na hatia. Hao wa pili walikuwa wamekaa ndani karibu miaka 6.

Najua kuna atakayesema: wewe watetea magaidi. Sisi wa Kwale twajua ugaidi kuliko wanaotuhubiria. Twajua vijana waliopotea wakaenda, na twajua vijana waliopotea wakiwa hapa hapa na mama zao mpaka leo hawajui waende kituo gani kuuliza. Hoja yangu sio kwamba mwenye kosa akivuka aachwe ale raha. Hoja ni kwamba hakimu ndiye mtu pekee kati ya mlango wako na gari lisilo na namba. Mtoe hakimu, na hakuna tena wa kusema kwamba wamemshika mtu siye. Wale walioachiliwa 2016, hakimu wa Kenya angewasikiza 2010 huenda baadhi yao wangelala nyumbani.

Kizza Besigye basi. Huyu sio gaidi, ni daktari na mwanasiasa, amegombea urais Uganda mara 4. Novemba 16, 2024 alikuwa Nairobi, alikuja kwenye uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Akatoweka. Siku 4 baadaye yuko kizimbani Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi. Na sehemu ya mashtaka? Kukutwa na bastola Nairobi. Yaani mahakama ya jeshi la Uganda yamshtaki raia kwa jambo linalodaiwa kutokea Kenya, baada ya kumtoa Kenya bila mahakama ya Kenya. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema mahakama za kijeshi hazina haki ya kuwahukumu raia, basi wakamhamishia mahakama ya kiraia na shtaka la uhaini. Nairobi kwetu ikawa kama ua wa nyuma wa nyumba ya mtu, unaingia ukachukua kuku wako ukatoka.

Halafu Mei 2025 ndio hiyo ya Tanzania. Karua na jaji mkuu wa zamani Willy Mutunga wakarudishwa kutoka uwanja wa ndege walipokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Boniface Mwangi na mwanahabari wa Uganda Agather Atuhaire wakashikwa. Mwangi akapatikana huku Ukunda, Atuhaire akaachwa mpaka wa Mutukula. Wote wawili walisema waliteswa. Serikali ya Tanzania ikakanusha. Kushikwa kwao kule, tukisema kweli, Tanzania ilikuwa na mamlaka: ukiwa kwenye ardhi yao uko chini ya sheria yao, kama wao walivyo chini ya yetu wakija. Hilo wengi kwenye komenti mulilikosea. Lakini mamlaka yana mlango wake. Ukimkamata mtu unampeleka mahakamani, au unamrudisha kwao kwa njia ya uhamiaji, anapigwa mhuri pale Horohoro na anapokewa Lunga Lunga na afisa mwenye jina. Kumshusha mtu kando ya barabara usiku sio kumrudisha. Hiyo ni kutupa taka kwa jirani.

Na sisi Wakenya tusijione malaika, tuna askari wetu nje pia. Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Usalama la Taifa halikuwa na uwezo wa kuwatuma polisi Haiti. Jeshi ndilo linaloweza kutumwa nje hivyo, na polisi anaweza kwenda tu kwenye nchi yenye makubaliano ya kutendeana sawa na Kenya. Machi 1, Waziri Mkuu wa Haiti Ariel Henry akaja Nairobi yakatiwa saini makubaliano. (Huyo naye ana kisa chake: alitoka Nairobi akakuta magenge yameufunga uwanja wa ndege wa kwao, hakuweza kurudi, akatangaza kujiuzulu akiwa nje.) Juni 25, 2024 kundi la kwanza la askari wetu, 400 hivi, likatua Port-au-Prince kulinda raia wa Haiti. Siku hiyo hiyo, Juni 25, polisi wenzao walikuwa Nairobi wakiwafyatulia risasi vijana nje ya Bunge. Sitaongeza neno hapo.

Ila kwa Haiti lazima niseme hivi: angalau kulikuwa na jaji, kulikuwa na karatasi, kulikuwa na azimio la Umoja wa Mataifa, watu walibishana mchana. Unaweza kuipinga, mie naipinga, lakini unaijua. Hizi nyingine hata cha kupinga huna. Ukienda kituoni wanakwambia hatuna mtu kama huyo.

Turudi kwa ule mwaka 1896. Kilichowasimamisha Waingereza pale mpakani ni kwamba Mjerumani alikuwa mpinzani wao. Leo Nairobi, Dodoma na Kampala hawapingani. Marais wanakumbatiana, wakuu wa polisi wana simu za wenzao. Mpaka haujafa, umegeuka upande. Muulize mama anayeleta machungwa kutoka Muheza kama mpaka umekufa. Muulize mvuvi wa Vanga akishikwa na doria ya upande wa pili kwa kufuata samaki ambao hawajui Jimbo ni wapi. Waulize Wamakonde wa Makongeni, waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazeeka, na wakaishi bila kitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016. Waulize Wapemba wa Shimoni na Kilifi, ambao serikali iliwatambua 2023 tu. Kwa miaka yote hiyo askari yeyote aliweza kuwaambia "nyinyi si wa hapa", na hakukuwa na serikali ya upande wowote ya kusema "huyo ni wetu, mwacheni."

Mbaruk alikuwa na mpinzani wa adui yake wa kumkimbilia. Kijana wa Bongwe au Mwangulu ana nini? Ana Sura ya 76 na hakimu wa Kwale au Msambweni. Ndio maana naandika haya. Mtu wenu akichukuliwa na mkasikia anapelekwa nje, msikimbilie kwanza kwa diwani wala kwa mbunge. Kimbilieni mahakamani siku hiyo hiyo, muombe amri kwamba aletwe mbele ya hakimu akiwa mzima. Andikeni saa, mahali, rangi ya gari, namba kama ipo. Familia za 2010 zilifanya hivyo, na ingawa ndugu zao walikuwa wameshavushwa, ile hukumu iko kwenye vitabu mpaka leo na wakili wenu anaweza kuifungua ukurasa wake.